Je, chakacha ni binti wa densi ya tumbo? Na kwa nini mgongo unauma?

"Nina miaka 31, naishi Mombasa. Huu ni mwezi wa nne najifunza densi ya tumbo, mara mbili kwa wiki. Mwalimu wetu anasema densi hii ina miaka 5,000, kwamba ilianza kama ibada ya mungu mke wa uzazi wakati wa mafarao, na kwamba chakacha yetu, ngoma ya wanawake wa pwani, ni binti yake aliyeletwa na Waarabu. Nilipomweleza shangazi yangu, ambaye amecheza chakacha tangu usichana wake, alikasirika. Anasema hiyo ni ngoma ya vilabuni ya kufurahisha wanaume, na chakacha haina undugu nayo hata kidogo. Kikundi chetu kimealikwa kucheza kwenye harusi, upande wa wanawake, mwezi ujao, na mimi ndiye nimepewa kusema maneno ya utangulizi. Niseme nini? Jambo la pili: nikipiga shimi, ule mtikisiko wa kasi wa nyonga, mgongo wa chini unauma mpaka usiku. Mwalimu anasema nibinue makalio zaidi na maumivu yataisha yenyewe. Ni kweli?"

Dada yangu, unaogopa kusimama mbele ya watu, shangazi yako akiwemo, ukasema jambo lisilo na msingi. Na mwili wako nao unakuambia kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Yote mawili yanastahili jibu refu. Nitaanza na historia kisha nije kwenye mgongo, ila moja lishike kuanzia leo: usibinue makalio zaidi. Sababu utaiona huko chini.

Kwa ufupi, mwalimu wako amekosea kuhusu umri wa densi hii na kuhusu chakacha. Shangazi yako yuko sawa kuhusu chakacha, ila hajawatendea haki Wamisri.

Tuanze na jina, kwa sababu jina ndilo lililozaa nusu ya vurugu hizi. Misri kwenyewe haiitwi densi ya tumbo. Ile ya jukwaani huitwa raksi sharki, yaani densi ya mashariki. Ile inayochezwa sebuleni na mama, mabinti na majirani, au kwenye harusi mtaani, ni raksi baladi. Baladi inatokana na balad, nchi au mji wa nyumbani, karibu kabisa na sisi tunapokiita kitu "cha kwetu". Habari za tumbo zililetwa na Wafaransa. Mchoraji Gérôme alimchora mchezaji wa Misri mwaka 1863, na watu wakaipa picha hiyo jina la danse du ventre, densi ya tumbo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, kulijengwa mtaa wa mfano wa Cairo, wenye ngamia, maduka na wachezaji. Sol Bloom, aliyesimamia burudani za eneo hilo, aliandika baadaye kwamba watu walipopata tafsiri ya jina lile la Kifaransa waliamua mara moja kwamba lazima ni jambo la aibu, na fedha zikamiminika. Lakini ukitazama picha za wachezaji wa Chicago utawaona wamevaa blauzi, kizibao na sketi ndefu. Tumbo lilikuwa kwenye tangazo. Densi yenyewe, wakati ule na sasa, inakaa kwenye nyonga.

Sasa hiyo miaka 5,000. Wanaoitaja huonyesha michoro ya makaburini, na maarufu kuliko yote ni ule wa kaburi la Nebamun, wa takriban mwaka 1350 kabla ya Kristo, ambao leo uko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London. Unaonyesha wasichana wawili wakicheza karamuni, wamevaa mshipi mwembamba tu nyongani. Ni mchoro mzuri mno, na unathibitisha kwamba karamu za Misri ya kale zilikuwa na wachezaji. Hauwezi kuthibitisha zaidi ya hapo. Mchoro unakupa mkao wa mara moja: hujui mguu ulitoka wapi, nyonga ilizunguka au ilishuka, mdundo ulikuwa upi. Na kati ya kaburi hilo na maelezo ya kwanza ya kina tuliyo nayo kuhusu wachezaji wa Cairo kuna zaidi ya miaka 3,000. Ndani yake walipita Wagiriki, Warumi, Ukristo, Uislamu na utawala wa Waturuki, hata lugha ya nchi ikabadilika. Anayesema densi ilibaki vilevile ndiye anayedaiwa ushahidi.

Wengine hutaja washairi wa Roma waliowaandika wasichana wa Gades, mji ulioko Hispania, waliotikisa nyonga huku wakigonga vibao vya mkononi. Ni kweli waliandikwa. Lakini hilo linaonyesha tu kwamba kutikisa nyonga si mali ya watu wa mahali pamoja. Watahiti, huko katikati ya Bahari ya Pasifiki, wana ngoma yenye mtikisiko wa nyonga wa kasi ambao ungemchosha mchezaji yeyote wa Cairo, na hakuna anayedai kwamba walifundishwa na Wamisri. Kila binadamu ana kiuno. Ukiona jamii mbili zinakata kiuno, uliza kwanza mdundo gani, tukio gani, nani anamfundisha nani, ndipo uzungumzie undugu.

Hadithi ya mungu mke wa uzazi ilipata nguvu Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, pale wanawake wengi wa huko walipoanza kujifunza densi hii na kutafuta asili yenye heshima kwa jambo ambalo jamii yao ililiona ni la vilabu vya usiku. Nia yao ilikuwa nzuri, nami naielewa. Lakini historia halisi ina heshima ya kutosha, tena ina watu wenye majina.

Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, alichapisha mwaka 1836 maelezo marefu ya maisha ya Wamisri. Alitofautisha makundi mawili. Kulikuwa na awalimu, wanawake wenye elimu ya kuimba na kughani (neno lenyewe linatoka kwenye ilm, kama elimu yetu), walioalikwa majumbani kwenye vyumba vya wanawake. Na kulikuwa na ghawazi, waliocheza uani, mtaani na kwenye sherehe, mara nyingi bila kujifunika uso. Kuhusu ghawazi alieleza kwamba sifa kuu ya mchezo wao ni mtikisiko wa kasi sana wa nyonga kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku wakigonga visahani vya shaba vidoleni, ambavyo Wamisri huviita sagati. Mtikisiko huo ndio shimi inayokuuma mgongo. Kwa hiyo ukitaka kusema jambo lenye uhakika, sema miondoko hii imeandikwa waziwazi Cairo karibu miaka 200 iliyopita. Bila shaka ilikuwapo kabla ya hapo, maana Lane hakukuta kitu kilichozaliwa jana.

Mwaka 1834 mtawala Muhammad Ali alipiga marufuku wachezaji wa kike wa hadharani mjini Cairo, wengi wakahamishiwa kusini, kwenye miji kama Qena, Esna na Aswan. Nafasi yao Cairo ikajazwa kwa sehemu na wavulana waliocheza kwa mtindo wa kike. Ni jambo la kukumbuka mtu anapokuambia kwamba densi hii daima ilikuwa ya wanawake pekee. Istanbul nako wachezaji wa kiume, köçek, walikuwa na jina kubwa. Marufuku ilipolegea wachezaji walirudi, mpaka wa awalimu na ghawazi ukafifia, na wasanii wa harusi wakaweka makao kwenye mtaa wa Cairo ambao hadi leo unaitwa kwa jina la Muhammad Ali.

Hapa ndipo tunapofika kwa yule aliyeifanya densi unayoijua wewe. Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Shamu (eneo la Siria na Lebanoni), alifungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926. Fikiria tofauti ya mahali. Sebuleni, mchezaji wa baladi ana nafasi ya mkeka mmoja. Anakaa hapo hapo, nyayo nzima chini, uzito umeshuka, mikono karibu na mwili, na watu wamemzunguka wakipiga makofi. Mpeleke mtu huyo kwenye jukwaa pana lenye watazamaji upande mmoja, wa mwisho akiwa mita 20 kutoka kwake: nyonga yake haionekani tena. Badia alilijibu tatizo hilo hatua kwa hatua. Mikono ikapandishwa na kufunguliwa ili iuchore mwili kwa mbali. Zikaongezwa hatua za kusafiri na mizunguko ili jukwaa lijae, na walimu wa densi za kigeni wakaletwa kunoa mistari. Shela ikatumika wakati wa kuingia, ikipepea nyuma ya mchezaji kisha ikitupwa. Nyuma yake hakukuwa tena na dumbaki (kigoma cha kupigwa kwa mikono) na zumari tu; kulikuwa na okestra yenye fidla, ganuni (ala ya nyuzi nyingi), nai (filimbi ya mwanzi) na kodiani. Ile nguo ya vipande viwili yenye shanga, bedla, nayo ni ya zama hizo za kumbi na sinema, na mkono wa Hollywood uko ndani yake. Ghawazi wa Lane walivaa kanzu ya kubana na suruali pana.

Kwenye ukumbi huo walipitia Tahia Carioca, aliyepata jina lake kutokana na densi ya Kibrazili aliyoipenda, na Samia Gamal, ambaye mfalme Farouk alimtangaza mwaka 1949 kuwa mchezaji wa taifa wa Misri. Ukiweza kuziona filamu za hao wawili, zitazame sambamba. Tahia hukaa mahali pamoja, kitu kidogo kidogo, nyonga inaongea kwa chini. Samia anaruka jukwaa zima, mikono kama mbawa. Baladi na sharki utazitambua hapo kwa dakika tano, vizuri zaidi kuliko kwa kusoma kitabu.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ilitaka tumbo lifunikwe, na ndiyo maana hadi leo utaona wavu mwembamba juu ya kitovu cha wachezaji wa Cairo. Mwaka 1959 Mahmoud Reda, aliyekuwa mwanamichezo wa jimnastiki, alianzisha kundi lake la densi za kienyeji zilizopangwa kwa jukwaa, na wachezaji wake wakavaa nguo ndefu zilizofunika tumbo. Mengi tunayoyaita ya asili leo yalitengenezwa au kupangwa upya na kundi hilo. Ile densi ya wanawake ya fimbo, kwa mfano, ni jibu la jukwaani kwa tahtibu, mchezo wa fimbo wa wanaume wa Misri ya juu, yaani kusini mwa nchi, ambao UNESCO iliuandikisha mwaka 2016. Na ile ya shuka jeusi, melaya, inamwigiza mwanamke wa mjini aliyejitanda vazi ambalo mtu wa Mombasa au Lamu angelifananisha na buibui. Nazitaja kwa sababu huenda mwalimu wako anazifundisha kama mabaki ya kale.

Basi, chakacha. Hapa ndipo penye moyo wa swali lako.

Njia ya kutoka Cairo hadi pwani yetu ipo, wala hatuwezi kuikana. Simulizi za taarab zinasema Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa mwaka 1905. Ala zilizokuja, ganuni, udi, nai, rika (tari ndogo), dumbaki, ndizo hizo hizo za nyuma ya mchezaji wa Cairo. Lakini angalia watu walifanya nini na muziki huo ulipofika. Walikaa. Kwenye taarab ya zamani wasikilizaji huketi vitini, huinuka kwa utaratibu kwenda kumtunza mwimbaji, na kurudi kuketi. Walipotaka kucheza, Waunguja walitengeneza kidumbaki: vigoma viwili vidogo ambavyo jina lao ni la dumbaki ya Kiarabu, fidla, sanduku la besi, mkwasa (vijiti vya kugonga) na cherewa (kayamba). Na midundo iliyopigwa juu yake ikachotwa kwenye ngoma za nyumbani, unyago ukiwemo. Umbo la kigoma lilivuka bahari. Mkato wa kiuno uliochezwa mbele yake ulikuwa hapa tayari, kwa somo na kungwi, wanawake wanaowafunda wasichana.

Chakacha iko upande huo. Ni ya wanawake, ya harusi, ya nyimbo za mafumbo, na ukoo wake wa karibu ni mafunzo ya mwali, yale ambayo kutoka Wayao, Wamakonde na Wazaramo hadi Unguja ya marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago, yalifundishwa kwa ngoma na kiuno. Mdundo wake nao unahesabiwa tatu-tatu. Ujaribu sasa hivi mezani: piga makofi ukihesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, ukikaza moja na nne. Halafu piga maksumu, mdundo mama wa densi ya Misri, wenye nafasi nane. "Dum" ni pigo zito la katikati ya dumbaki, "tek" ni kali la ukingoni, na nukta ni kimya: dum, tek, nukta, tek, dum, nukta, tek, nukta. Ukigeuza tek ya kwanza iwe dum umepata mdundo wanaouita baladi. Ukibakiza tek hiyo ya kwanza na kugeuza ya pili iwe dum, ni saidi ya kusini. Mwili wako utaona tofauti mara moja: maksumu inakuomba uangushe nyonga kwenye dum na kusimama, chakacha inakuomba uzungushe bila kukatika. Niwe mkweli lakini: hesabu ya tatu-tatu ipo Yemeni na Ghuba pia, kwa hiyo mdundo peke yake haumalizi ubishi. Ukiuweka pamoja na tukio, waalimu, nyimbo na kusudi, picha inakuwa wazi.

Tena mwenendo wa bahari haukuwa wa upande mmoja. Liwa, ngoma inayochezwa Oman, Emirati na Bahrain, ilipelekwa huko na watu wa pwani yetu, na nyimbo zake bado zina maneno ya Kiswahili. Karne ya 20 ilipoleta sinema za Misri kwenye kumbi za pwani, bila shaka kuna msichana aliyeiga mkono wa Samia Gamal. Kuiga mkono hakufanyi ngoma nzima kuwa binti wa mtu.

Kuhusu neno la shangazi, "ngoma ya vilabuni", usimpuuze. Ni wazo ambalo Wamisri wengi wanalo kuhusu wachezaji wa kulipwa. Familia ile ile inayocheza baladi harusini kwa furaha inaweza kukataa katakata binti yao aifanye kazi. Heshima na lawama zimekaa pamoja kwenye densi hii tangu enzi za awalimu na ghawazi. Mwambie hivi kwa utaratibu, kisha umwulize kama chakacha inayochezwa leo hotelini mbele ya watalii ni ile ile aliyofundishwa na somo wake. Nadhani mtaelewana haraka.

Kwenye utangulizi, maneno kama haya yanatosha: "Mtakachokiona kwanza ni densi ya Misri. Nyumbani kwao huitwa baladi, ile ya sebuleni, na jukwaani huitwa sharki, iliyopata umbo lake Cairo katika miaka ya 1920. Baadaye tutacheza chakacha ya hapa kwetu. Hazikuzaliwa pamoja, lakini zimeishi kando ya bahari moja." Kisha chezeni. Kama bado hamjachagua nguo, ushauri wangu ni galabia, kanzu ndefu ya baladi, na kitambaa kilichofungwa nyongani. Ni vazi la kweli la densi hiyo, halitamkwaza mtu harusini, na linaonyesha nyonga vizuri kuliko bedla ya bei rahisi yenye shanga zinazodondoka sakafuni na kuwatelezesha wenzako. Bedla si kosa, ila inataka jukwaa, taa na umbali.

Sasa mgongo.

Shimi haitoki mgongoni. Inatoka magotini. Goti moja likinyooka kidogo, nyonga ya upande huo inapanda, likikunjika, inashuka. Magoti yakipokezana haraka, nyonga zinatikisika, na kazi ya kiwiliwili ni kutulia tu. Ukibinua makalio unaongeza upinde wa mgongo wa chini. Viungo vidogo vya nyuma ya uti vinabanana, misuli ya pembeni inafupika na kubaki imekaza, na juu ya mkao huo unaongeza mitikisiko mia kadhaa kwa dakika chache. Misuli iliyokaza namna hiyo huanza kulalamika ukishapoa, ndiyo maana unaumia zaidi usiku. Walimu wengi husema "binua" kwa sababu inaonekana vizuri kwenye kioo. Kwenye baladi ya kweli mkia wa mgongo umeelekezwa chini, kama umefungwa jiwe dogo kwa uzi.

Jaribu hivi. Vua viatu, simama nyayo zikiwa sambamba, kati yake iingie ngumi moja au mbili. Kunja magoti kidogo tu, ili ukitazama chini bado uone vidole vya miguu. Weka kiganja kimoja chini ya kitovu na kingine nyuma, mahali panapouma. Binua makalio uone kiganja cha nyuma kinavyozama shimoni, kisha ingiza mkia chini mpaka upinde upungue, kisha achia nusu. Hapo katikati ndipo pako. Sasa shusha mbavu za mbele. Wengi husahau, wanarekebisha nyonga huku kifua kimetokeza na mgongo unabaki umepinda vilevile. Anza kunyoosha na kukunja magoti kwa zamu, polepole, pigo moja kwa sekunde, visigino visinyanyuke. Fanya dakika moja, pumzika. Kiganja cha nyuma kisihisi kuzama wala kukaza. Kikihisi, umeongeza kasi kabla ya wakati, rudi chini. Ukiweza dakika tatu kwa mwendo huo bila maumivu, ongeza kidogo. Watu wengi huhitaji wiki kadhaa kufika kasi ya darasani, na hakuna njia ya mkato.

Angalia mambo mengine matatu. Magoti yaliyokazwa nyuma kabisa hupeleka mshtuko wote mgongoni, na hili ni kosa la kawaida kuliko hata kubinua. Sakafu ya simenti au vigae bila mkeka wala kiatu laini huchosha nyayo na magoti, na mwili huanza kujikaza bila wewe kujua. Na kibwebwe: ukikifunga kiunoni juu, kwa nguvu, huwezi kupumua kwa tumbo na misuli ya chini hukaza. Kifunge kwenye mfupa wa nyonga, fundo likae pembeni. Pasha mwili joto dakika 10 kabla ya shimi ya kwanza, kwa kutembea na kuzungusha nyonga taratibu pande zote mbili.

Kuhusu mwalimu, usimkimbie kwa sababu ya historia. Wengi wamefundishwa hivyo na wao. Mwonyeshe mkao huu, mwambie unapobinua unaumia, uone atafanya nini. Mwalimu anayekurekebisha kwa kutazama magoti na mbavu zako anaweza kukufaa miaka mingi. Anayesema kila maumivu ni uvivu, huyo mwache. Na kama kiuno cha chakacha kiko rahisi mwilini mwako, mwombe shangazi akufundishe pia. Mzunguko wake wa polepole, magoti yakiwa yamelegea, ni mazoezi mazuri sana ya kuandaa nyonga kwa kazi ya sharki.

Uende kuonwa ana kwa ana na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama maumivu yatabaki baada ya wiki mbili za kupunguza mazoezi na kurekebisha mkao, kama yanashuka mguuni hadi chini ya goti, kama yanakuamsha usingizini, au kama yalianza baada ya kuanguka. Ganzi au udhaifu wa mguu usingoje wiki mbili. Na ukipata ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Kama ni mjamzito au unadhani huenda ukawa, zungumza na mkunga wako kabla ya kuendelea, hata kama umesikia kwamba densi hii iliundwa kwa ajili ya kuzaa. Ukienda kwa mtaalamu, usimwambie tu "nacheza". Simama umwonyeshe shimi kama unavyoipiga darasani, maana ataona kwa macho kitu ambacho maneno hayawezi kumweleza.

Mpaka harusi ipite, cheza mizunguko na hatua, na sehemu ya shimi ndefu mpe mwenzako ambaye mgongo wake ni mzima.